Mgeni Hagombezwi

Dakhalia ya Chuo cha Walimu wa Kike,
Unguja Mjini,
Mfunguo Tano

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Najua utaitikia marahaba huku umekunja uso, maana barua yako ninayo siku nyingi na jibu hujaliona. Kunja, kisha ukunjue. Mimi ni mzima, mafua yaliyonishika wakati wa mvua yamekwisha, na mwili umeongezeka kidogo kwa sababu utakazoziona mbele. Wewe je, goti limepoa? Na Shemeji Athumani, kile kikohozi chake cha alfajiri? Mwambie anywe tangawizi aache ubishi. Saumu wangu namuulizia mwisho, si kwa kuwa yuko mwisho, ila nikianza naye sitaandika jambo jingine.

Barua yako ilikuwa na swali na malalamiko. Swali: je, nimethibitishwa kazini au bado niko kwenye majaribio? Maana Shemeji keshapata amri ya kuhamia Arusha, na mtafunga nyumba ya Pangani kabla ya Ramadhani. Nikithibitishwa, chuo kinanipa vyumba viwili na ruhusa ya kukaa na mwanangu. Nisipothibitishwa, Saumu anakwenda Mombasa kwa baba zake wadogo. Na wewe na mimi tunaijua nyumba ile. Mtoto wa marehemu mume wangu akishaingia mle, kumtoa kunataka wazee, kunataka kadhi, na bado hutoki naye.

Malalamiko yako ni kwamba Saumu amekushinda. Ananuna, anakurushia kijiko, hataki kwenda kusoma Kurani mpaka umbebe mgongoni, na umri wake ule. Ukaniuliza nimezaa mtoto gani.

Yote mawili nitakujibu, lakini usiruke kurasa. Nakujua, wewe hata hadithi ulikuwa ukimtaka bibi aanze mwisho.

Nianze siku niliyofika. Mlangoni nilipokewa na bawabu, Mzee Makame, mtu wa Matemwe, akaninyang'anya sanduku la bati kabla sijamaliza salamu. Nikapelekwa kwa Mkuu wa chuo. Ni Mwingereza, mwanamke mrefu mwembamba, Kiswahili chake kakisoma vitabuni na kimenyooka kuliko changu. Ofisini kwake picha ya Sultani na ya Malkia zinatazamana, naye anakaa katikati. Akanipa mkono, akasema, "Karibu sana, Bi Riziki. Ujione uko kwenu. Wenzako watakueleza kazi." Kisha akarudi kwenye karatasi zake. Ndiyo maelezo yote niliyopata kwa mdomo wake.

Kazi yenyewe kwenye barua ya ajira ilikuwa imeandikwa maneno mawili tu: mwangalizi wa dakhalia. Dakhalia ndiyo nyumba wanamolala wanafunzi, wasichana wanaosomea ualimu, wametoka shamba na Pemba na huko kwingine. Kuangalia ni kufanya nini, haikusema. Hata paka anaangalia.

Na hao wenzangu maana yake ni Bi Time. Bi Time ndiye mpishi mkubwa, mwanamke wa makamo, mnene, mwepesi wa mikono, sauti yake inafika Darajani akiwa jikoni. Mwangalizi aliyenitangulia aliolewa akaacha kazi, na tangu hapo funguo zote akawa anazo Bi Time: za ghala, za kabati la mashuka, za chumba cha wagonjwa. Kazifunga pindoni mwa kanga, akitembea zinalia. Alinitazama nilivyochoka na safari, akashika shavu.

"Maskini mwanangu! Bahari imekutesa. Hebu pumzika kwanza."

Nikapumzika. Wali wa nazi ukaja, samaki wa kupaka akaja, mkate wa kumimina ukaja na chai ya iliki. Asubuhi yake nikaambiwa nipumzike tena. Jioni nikatembezwa Forodhani kupunga upepo. Siku iliyofuata nikapelekwa Mkunazini kwa shangazi yake Bi Time, nako nikapumzishwa. Dada, sijapata kupumzika vile tangu nizaliwe. Ilipokwisha wiki nikaanza kuona mgongo unaniuma kwa raha.

Utasema, si ungeuliza kazi yako? Ungeuliza wewe? Tumelelewa nyumba moja. Mgeni akiuliza siku ya kwanza "nifanye nini," mwenyeji anahisi ameambiwa nyumba yake haina watu. Akiuliza siku ya pili, anaonekana anakagua. Akishapitisha mwezi hajauliza, basi tena, kuuliza ni aibu yake mwenyewe: ulikuwa unakula mshahara wa nini siku zote hizo? Nilikuwa nimekaa hapo katikati, na kila siku palizidi kubana.

Usinidhanie sikujaribu. Asubuhi moja nilishika ufagio nikaanza ukumbi wa chini. Bi Time akatoka jikoni mbio, akaunyofoa mkononi mwangu.

"Ebo! Unataka kututia aibu? Watu wakipita njiani waone mgeni anafagia? Watasema watu wa chuo hawana haya!"

Siku nyingine nikamwomba ufunguo wa kabati la mashuka. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Unataka shuka? Sema, ntakutolea." Akanitolea shuka jipya, limepigwa pasi, na asumini katikati. Ningesema nini?

Wanafunzi nao wakashika adabu ileile. Nikiingia bwenini wanainuka wote, wananipa kiti, wanakaa kimya mpaka nitoke. Nilikuwa naviona vyandarua vimechanika, naona magodoro hayajaanikwa, naona msichana anakohoa na hakuna anayempeleka kwa daktari. Ninaona, nimekaa kwenye kiti nilichopewa, nasema "hamjambo," wanasema "hatujambo," natoka. Hayo ndiyo maangalizi niliyofanya.

Kilele chake kikawa Mangapwani. Bi Time alisikia sijawahi kufika, akaapa sitaondoka Unguja sijaliona pango. Tukapanda gari la shamba siku ya kazi, saa ya kazi, na kapu la maandazi juu ya mapaja yangu. Tuliliona pango lenye maji matamu. Tukaliona na lile shimo walimokuwa wakifichwa watumwa, nikashuka ngazi zake, nikapanda, sikuwa na hamu ya andazi tena. Tuliporudi, Mkuu alikuwa amesimama dirishani. Alitutazama sisi, akalitazama kapu, akafunga dirisha.

Idd kubwa nikaja kwenu, ulinipokea mwenyewe, hayo unayajua. Nitayarudia baadaye, maana unayajua lakini hukuyaona. Hata mimi sikuyaona.

Niliporudi tu, Mkuu akaniita.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alinikalisha, akapanga vidole juu ya meza, akasema, "Bi Riziki, wasichana wote wanasema wewe ni mpole sana. Mimi sikukuajiri uwe mpole. Juzi mwanafunzi amelazwa kwa homa. Nimekwenda bwenini mwenyewe, chandarua chake kina tundu ninalopitisha kichwa. Niliuliza mwangalizi yuko wapi. Nikaambiwa anakunywa chai."

Akaendelea.

"Mwisho wa mwezi lazima niwaandikie wakubwa wa elimu kama uthibitishwe au urudi kwenu. Mpaka leo sina la kuwaandikia."

Nikamwambia, "Sikuelezwa kazi, Mkuu."

Akashangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Lakini Bi Time hakukueleza? Niliacha wenzako wakueleze." Kisha akasema, "Na hukuuliza."

Hapo Dada niliona kitu kizima kilivyo, kimekaa wazi kama sinia mezani. Mkuu alidhani Bi Time keshanieleza. Bi Time alidhani mambo ya kazi ni ya Mkuu, yake yeye ni kumtunza mgeni. Mimi nilidhani wote wawili wananipa nafasi nipumzike, na kwamba siku moja mmoja wao atasema basi. Hakuna aliyenifanyia ubaya. Nilikuwa nafukuzwa kazi kwa ukarimu.

Nilitoka ofisini. Nilikuwa namwona Saumu ameshikwa mkono na baba yake mdogo, anapandishwa gari la Mombasa. Nikashuka ngazi, nikapita ua, nikaingia jikoni. Bi Time alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Aliponiona akafuta kigoda kwa upande wa kanga.

"Kaa, mwanangu. Nshakuwekea chai."

"Sikai!" nikasema. Sauti ilitoka kubwa, hata mimi ilinishtua. "Sitaki kigoda! Sitaki chai! Watoto wanaumwa na mbu, vyandarua vimekuwa nyavu za samaki, nyinyi mnanitandikia mikeka! Kuni mbichi, jiko lote moshi, mchele umeingia wadudu wa fukusi, na funguo zote umezining'iniza wewe pindoni kama hirizi! Mwangalizi wa nyumba hii nani? Mimi au wewe? Kama ni wewe niambie nikafunge sanduku langu!"

Msaidizi wake aliyekuwa anachambua mchicha akabaki ameushika hewani. Nikajua nimeharibu. Nimemtukana mtu mzima, aliyenilisha, mbele ya watu, jikoni kwake. Nikangoja aniombee laana.

Bi Time akaweka kifuu chini. Akajipangusa mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Alhamdulillahi," akasema.

Nikamtazama.

"Nlikuwa nnaingoja siku hii. Nkamwambia Mzee Makame, huyu mtoto wa Pangani mkavu, muda wote huu hajagombana na mtu. Ama hatupendi, ama ana safari yake. Mtu anayekaa, anagomba, mwanangu. Mgeni hagombi, na mgeni hagombezwi." Akafungua pindo la kanga, akazitoa funguo, akanirushia zikanipiga kifuani. "Haya! Chukua nyumba yako. Shingo ilikuwa inaniuma kwa kuzichukua. Na huyo mwenye gari la kuni, kumgomba ni wewe sasa, mimi nshachoka naye."

Nikazishika kwa mikono miwili.

"Lakini," akasema, na sasa sauti ilikuwa nyingine, ile ya kufika Darajani, "mchele wangu hauna fukusi! Nani kakwambia una fukusi? Nimeupepeta kwa mikono yangu hii! Hebu njoo hapa unioneshe hao fukusi!"

Tukaenda ghalani. Tukagombana kweli, gunia kwa gunia, mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Fukusi walikuwepo. Anasema mpaka leo kwamba niliingia nao kwenye sanduku langu kutoka Pangani.

Tangu siku ile hakunipa kiti tena. Nilitoa vyandarua vyote uani, nikakaa na wasichana tukavishona, nikawafokea wanaoshona ovyo. Magodoro yakaanikwa kila Ijumaa asubuhi. Mwenye gari la kuni tulikutana mlangoni, akaniita maneno nisiyoyajua, ya kwao kaskazini, Mzee Makame akakataa kunieleza maana yake. Lakini kuni kavu zikaja. Wasichana wakaanza kuninung'unikia. Nikipita ukumbini nasikia, "Shh, Bi Kelele anakuja." Nilikwenda chumbani nikacheka peke yangu. Hakuna anayempa mgeni jina la utani.

Mkuu naye hakuwa amekaa bure, na hili nalipenda kwake: ugonjwa wa yule msichana ulimuuma, na aliona kosa halikuwa la mtu mmoja. Tukasikia anakuja mwalimu mpya wa hesabu kutoka Pemba, jina lake Asha. Mkuu akatuita sote, walimu na watu wa jikoni na bawabu, tuseme namna ya kumpokea ili yasimpate yaliyonipata mimi. Yeye alikuwa na shauri lake: karatasi yenye kazi zote, mgeni aisome akifika, atie saini.

Bi Time akacheka mpaka akajishika kifua. "Mtu anashuka melini kichwa kinazunguka, unampa karatasi? Si mshitakiwa huyo. Apewe chakula."

Mwalimu mmoja akasema tunao msemo wetu, tunawafundisha hata wanafunzi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bi Time akamjibu, "Huo wa shamba. Hapa mjini jembe kila mtu anasubiri mwenzake ampe." Watu wakacheka, lakini wakatazamana, maana ndivyo ilivyokuwa.

Mimi nikasema langu. Nikasema chakula kisiondolewe, maana bila kile chakula cha siku ya kwanza ningelia usiku na mchana. Ila mgeni akishakula, Mkuu mwenyewe asimame mbele yetu sote amkabidhi kazi yake kwa mdomo, na funguo zake kama anazo, kama anavyokabidhiwa mtu amana mbele ya mashahidi. Wote tukishasikia, hapana wa kumwambia pumzika, na hapana wa kudhani mwenzake kasema. Tena awepo mtu mmoja, anajulikana, wa kumkosoa na kumgombeza mapema, asingoje mwezi.

Mkuu akainua kalamu. "Mtu wa kumgombeza," akasema. "Huyo tumwite nani?"

"Mwenyeji wake," nikamwambia.

Akanitazama kwanza kama anatafuta mzaha, hakuuona, akaandika.

Wakamteua Bi Time awe mwenyeji wa Asha, kwa ajili ya sauti. Basi Dada, usiombe. Asha alikuja, msichana mdogo wa uso, mnyonge, anaongea chini kwa chini, na Bi Time huruma ikamwingia. Alikula, akakabidhiwa kazi yake mbele yetu, akashika chaki yake kama yai. Lakini darasani alisahau kufuta ubao, akawaachia wanafunzi kabla ya kengele, na Bi Time, aliyepewa kazi ya kumwambia, akampelekea halua.

Nikamfuata jikoni. "Bi Time! Umeambiwa umgombeze, wewe unamlisha halua?"

"Sasa nimgombeze vipi, kitoto cha watu, macho yale!"

"Mimi ulinirushia funguo kifuani!"

"Wewe una macho ya mzee!"

Tukapaza sauti. Kumbe Asha yuko mlangoni, sahani ya halua mkononi, anatusikiliza. Akasema kwa kile kisauti chake, "Kama mnagombana kwa ajili yangu, bora mniambie mimi. Nlikuwa nnajua nnakosea, sijui wapi." Akakaa kwenye kigoda alichonifutia Bi Time siku ile, tukamweleza mpaka halua ikaisha, tuliila sisi. Siku hizi yeye ndiye anayempigia kelele Mzee Makame kuhusu kengele. Utaratibu wetu haukwenda tulivyoupanga, lakini ulikwenda.

Sasa jibu la swali lako, na najua umesharuka kurasa kulitafuta.

Alhamisi Mkuu aliniita tena. Vidole juu ya meza, kama mwanzo. Akasema kawaandikia wakubwa na jibu limekuja. Nimethibitishwa. Vyumba ni viwili, vya juu, dirisha moja linatazama upande wa Ng'ambo, na ruhusa ya mtoto imo. Nikasema ahsante. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi ya mawe, nikalia mpaka machozi yakakauka. Bi Time akapita na ndoo.

"Unalia nini na kuni hazijaja?"

Nikainuka nikaenda kuangalia kuni.

Basi limebaki la Saumu. Unasema anakununia, anakurushia kijiko, anakudekea mpaka umechoka. Dada, ukumbuke Idd ile. Nimefika, Saumu amevaa gauni jipya, umemfundisha vizuri, akanibusu mkono, akaniambia shikamoo. Akaniletea chai kwenye kile kikombe cha maua kinachotolewa watu wakija. Akanipepea. Tulipomaliza kula nikainuka nikachukua beseni la vyombo, naye akalishika upande wa pili, akaniambia, "Acha, mama. Mgeni haoshi vyombo." Watu wote mkacheka mkasema mtoto ana adabu. Nami nilicheka. Nilipoondoka hakulia. Alisimama mlangoni akanipungia mkono mpaka nikapinda kona, na wewe ukasema, umeona alivyo mtulivu.

Nilirudi huku nikamsimulia Bi Time, najivuna. Yeye akaendelea kukuna nazi. Ile siku ya vyandarua, nimekaa uani nashona, funguo zimenilalia pajani, maneno yale yakanirudia: mgeni haoshi vyombo. Nikajichoma sindano. Mwanangu alikuwa amenipa kiti, Dada. Alinitandikia mkeka na kunipepea. Kugomba anakugomba wewe.

Nakuonea wivu kwa kile kijiko. Naliandika hivi lilivyo.

Nisalimie Shemeji, mwambie Waunguja maneno matamu wanayo na machungu pia, aniulize mimi. Nisalimie Bibi Mwanakombo aliyetukata vitovu sote wawili, umshike miguu kwa niaba yangu. Jirani yetu muuza vitumbua, mwambie vya huku vina iliki nyingi na havifikii vyake, atafurahi. Maalimu anayemsomesha Saumu mwombee radhi kwa siku zote alizokosa.

Nakuja mwenyewe kumchukua mwezi ukiandama. Naomba usimfundishe salamu. Kikombe cha maua kiache kabatini. Nikiingia, nipe beseni la vyombo mbele yake, tena unigombeze kwa sauti, kwamba nimechelewa na nyumba nimekuachia wewe, ili aone kuwa mimi ni mtu wa humo. Akinikataa, mwache anikatae. Akilia kuwa hataki kuondoka kwako, usimnyamazishe ukamwambia ni aibu mbele za watu. Nitambeba hivyo hivyo, analia, mpaka melini. Na kijiko atakachonirushia nitakiokota, nikioshe mwenyewe.

Mdogo wako,
Riziki